Chuchu Iliyotoka Maskati

Bibi alikuja barazani kwangu alasiri moja ya mwezi wa Shaabani, mjukuu kambeba ubavuni, na kabla hajakaa akaniuliza kama shubiri ina madhara. Nikadhani anataka kujitibu mwenyewe.

"Si mimi, mwanangu. Huyu."

Akamwonyesha mtoto kwa kidevu. Alikuwa msichana wa miaka miwili na miezi saba, kavaa gauni la Idd ya mwaka uliopita lililokwisha kumbana makwapani, na mdomoni ana chuchu ya plastiki, ile ambayo vijana wa siku hizi wanaiita pasifaya. Shingoni ana uzi mweusi, na uzi ule ulibeba vitu viwili: hirizi, na pete ya ile chuchu.

Nilianza na uzi kabla ya shubiri. Mtoto anayelala na kamba shingoni anaweza kunyongwa na kamba hiyo, ikikwama kwenye ubao wa kitanda au akijigeuza vibaya. Chuchu niliiondoa kwenye uzi palepale. Hirizi sikuigusa, maana ningeigusa mazungumzo yangeishia hapo. Nilimwomba bibi aihamishie mkononi, na baada ya siku mbili nikaona kaihamisha.

Mimi ni muuguzi. Miaka mingi nimefanya kazi ya kliniki ya mama na mtoto hapa Unguja, na tangu nilipostaafu baraza langu limekuwa kliniki isiyo na mshahara. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya familia, na mambo madogo madogo nimeyageuza ili wasitambulike. Nakiandika hasa kwa sababu ya makosa yangu mawili makubwa ndani yake: moja la kutosikiliza, jingine la kuamini nilichoambiwa bila kuhakikisha.

Mama wa mtoto huyu ni binti wa tatu wa bibi. Ndoa ilivunjika mtoto akiwa na miezi minne. Alipotimiza kumi, mama akapata kazi za ndani Maskati, Oman, viza ikatoka haraka kuliko walivyotarajia, akamwachisha ziwa kwa siku sita. Ya saba alikuwa uwanja wa ndege. Chuchu ya kwanza ilinunuliwa soko la Darajani juma lilelile ili mtoto apate cha kunyonya usiku, na zilizofuata zikawa zinakuja na wasafiri pamoja na tende, ubani na nguo za watoto. Mtoto aliziita nyonyo. Ndivyo alivyokuwa akiliita ziwa la mama yake. Bibi aliniambia hayo siku ya kwanza, kwa kupitia tu, nami nikayaacha yapite. Hilo ndilo kosa la kwanza, nitalirudia.

Nilimkagua. Nilipomwomba aume meno, ya nyuma yalikutana na ya mbele hayakukutana. Katikati palibaki tundu la mviringo ambalo chuchu ingekaa bila kuguswa na jino. Ngozi ya kuzunguka mdomo ilikuwa na upele mwekundu wa mate. Mwaka uliopita sikio la kushoto lilitoa usaha mara mbili. Hilo la sikio familia haikulihusisha kabisa na chuchu, na si ajabu, kwani mdomo na sikio ni viungo mbalimbali kwa macho. Ndani kuna mrija mwembamba unaotoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, na watoto wanaonyonya chuchu mchana kutwa huonekana kupata maambukizi ya sikio la kati zaidi ya wasionyonya. Ndiyo maana madaktari wengi hushauri matumizi yapunguzwe baada ya miezi sita. Kuhusu meno, wataalamu wa meno ya watoto wanataka chuchu iwe imekwisha kabla ya miaka mitatu. Pengo la mbele likiachwa mapema kwa kawaida hujifunga lenyewe. Meno ya nyuma yakishaanza kupishana, taya la juu likiwa limebanwa, hayo mara nyingi hayarudi yenyewe. Ya huyu yalikuwa bado sawa.

Alizungumza chuchu ikiwa imesukumwa pembeni mwa mdomo, kama mzee mwenye kiko.

Sikuwalaumu kwa kuianza, na nilitaka bibi anisikie nikisema hivyo. Mtoto ananyonya kidole tangu yuko tumboni. Kunyonya ndiyo namna yake ya kwanza ya kujituliza. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kulala na chuchu kumeonekana kwenda pamoja na kupungua kwa vifo vile vya ghafla vya usingizini, na madaktari wa watoto wa Marekani huishauri kwa sababu hiyo. Sisi wauguzi wa zamani tulikaririshwa tofauti. Zile hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji, zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 1989, zilikataza kabisa chuchu bandia kwa mtoto anayenyonya. Mwaka 2018 hatua hiyo iliandikwa upya: mama ashauriwe na aelezwe hatari zake. Kwa hiyo mama aliyepewa siku sita za kuachisha ziwa, akakimbilia Darajani kununua chuchu, hakufanya upuuzi.

Habari ya shubiri sikumjibu siku ile. Nilimwita mama mdogo wa mtoto, anayesoma chuo na ndiye mwenye subira ya kuandika, nikamwomba kwa siku tatu aweke alama kwenye daftari kila chuchu inapoingia mdomoni: saa ngapi, kulikuwa na nini, na nani aliyeitia. Hilo la tatu lilimshangaza.

"Si anajitia mwenyewe, shangazi?"

Nikamwambia aandike tu.

Daftari lilirudi na alama 54. Katika hizo, mara 15 mtoto aliiomba au aliitafuta mwenyewe. Mara 39 alitiwa na mtu mwingine hali hajaomba. Bibi 18, mama mdogo 11, babu 4, na 6 zilizobaki ni za wageni na za binamu yake wa miaka saba, ambaye naye alikwisha jifunza kuwa hivyo ndivyo mtoto anavyonyamazishwa. Sababu zilikuwa za nyumba yoyote ile: bibi anataka kusali adhuhuri, muuza samaki yuko mlangoni, mama mdogo kapigiwa simu, mtoto kajikwaa kizingitini. Nilizisoma zote kwa utulivu mpaka nilipofika mstari mmoja wa siku ya pili, saa mbili usiku. Babu anasikiliza taarifa ya habari. Mtoto anaimba. Chuchu.

Nikarudi nyuma kuhesabu upya. Mara nne katika siku tatu mtoto huyu alizibwa mdomo akiwa na furaha.

Mpaka hapo nilikuwa nimekuja kumwachisha mtoto chuchu. Daftari lilinionyesha kuwa wa kuachishwa kwanza ni wengine. Kwa bahati mbaya niliwasomea zile hesabu kwa majina, wote wakiwa wamekaa mkekani, bila kufikiri sana. Babu akacheka. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mlevi wa chuchu ni mimi."

Ilinibidi nirudi kesho yake peke yangu kumwomba radhi. Bibi huyu kalea watoto saba wake mwenyewe, sasa ana presha, magoti yanamuuma, na amebakiziwa mtoto wa nane asubuhi mpaka usiku. Chuchu ilikuwa msaidizi wake wa kazi. Ukimwondolea mtu msaidizi humwachii nasaha. Unatafuta nani atashika ile kazi. Tulikaa tukagawa siku. Adhuhuri, wakati wa sala, mtoto awe na mama mdogo. Kuanzia alasiri mpaka magharibi aende na babu, ambaye kila siku huenda baraza ya kahawa na hakuna kinachomzuia kumchukua mjukuu. Muuza samaki atapokewa mtoto akiwa ameshika kapu. Mambo madogo haya yalituchukua muda mrefu kuliko lolote lililofuata, na sijutii hata dakika moja.

Ndipo tukafika kwenye shubiri, kwa sababu kila mtu alikuwa na dawa yake.

Ya bibi ndiyo kongwe. Mama wa pwani anayetaka kuachisha ziwa hujipaka shubiri, au mwarobaini, mtoto akionja mara mbili tatu anachukia. Wengi tumeachishwa hivyo. Lakini utomvu ule wa manjano wa mshubiri huendesha tumbo, na chuchu hukaa mdomoni muda mrefu kuliko ziwa lililoonjwa na kuachwa. Lililonisumbua zaidi ni jingine. Mama aliyejipaka shubiri yuko palepale. Ziwa limekuwa chungu, mama mwenyewe bado mtamu, anambeba mtoto na kumwimbia. Huyu mama yuko Maskati. Tungemfanyia chungu kitu pekee alichokuwa nacho, halafu abembelezwe na nani? Bibi aliposikia hivyo aliitoa shubiri kwenye mazungumzo mwenyewe. Ndipo pia akakumbuka kunitajia kuwa zamani walikuwa wakichovya chuchu katika asali ili mtoto aipokee. Nilishtuka. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka haujaweza kuzishinda, na ugonjwa wake hulegeza misuli hata ya kupumua. Mungu aliwaepusha.

Mama mdogo aliona katika simu yake watu wanakata ncha ya chuchu kidogo kidogo mpaka inapoteza ladha. Nilikataa kwa sababu moja: ikishakatwa, mtoto mwenye meno yote ya mbele anaweza kung'oa kipande kikamkwama kooni. Chuchu iliyochanika ni ya kutupwa.

Babu alitaka itupwe baharini leo hii, mambo yaishe. Wako watoto wanaoachishwa hivyo wakalia siku mbili tatu wakasahau, na nyumba nyingine ningewaambia wafanye. Hapa sikupenda. Mtoto huyu aliwahi kuondolewa ziwa siku ya sita na mama siku ya saba, na sikuona haja ya kitu kingine kumpotea usiku mmoja.

Mama mwenyewe, kwa simu, alisema neno moja: "Mwachieni. Ndicho nilichomwachia."

Bibi hakukubali. "Ziwa lenyewe Mwenyezi Mungu kalipa miaka miwili kamili. Hiyo plastiki ni nani hata ipewe zaidi?" Alikuwa akiikusudia aya ya 233 ya Suratul Baqara. Babu, ambaye kasomesha chuo cha Kurani maisha yake yote, akamkumbusha kuwa aya hiyohiyo inaendelea: wazazi wakitaka kuachisha kabla ya hapo kwa kuridhiana na kushauriana, hapana ubaya. "Kuridhiana na kushauriana," akarudia, akinyoosha kidole kwenye simu. Basi mama naye akaingizwa katika shauri, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau.

Tuliamua tusianze Ramadhani. Nyumba ya Zanzibar mwezi huo hulala mchana na kukesha usiku, mtoto huamshwa na vyombo vya daku, na mwenye saumu saa kumi na moja jioni hana subira ya kilio. Idd nayo ni siku nne za nguo mpya, viwanja na pipi. Tulingoja Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, uingie na bibi amalize saumu zake sita.

Hatua ya kwanza ilikuwa mchana tu. Chuchu ilipewa makao: kopo la biskuti lililowekwa kitandani, nalo halitoki chumbani. Mtoto akiitaka hakatazwi wala hasutwi. Anaambiwa, "Nyonyo iko kitandani, nenda ukalale nayo." Anakwenda, analala nayo, hakuna televisheni, hakuna hadithi, na nje wenzake wanacheza. Siku ya kwanza alikaa chumbani karibu nusu saa. Siku ya tatu aliingia, akaitia mdomoni, akasikia muuza barafu kapita, akairudisha koponi mwenyewe akatoka mbio. Na sisi wengine tulikuwa na sharti letu, ambalo mama mdogo alilibandika kwenye friji: hakuna anayempa chuchu asiyeiomba. Bibi alilishika kuliko wote. Babu alivunja mara mbili, zote wakati wa taarifa ya habari.

Siku ya nne kulikuwa na arusi ya jirani. Bibi alikwenda kusaidia kupika pilau, akarudi magharibi akamkuta mtoto kakaa mapajani mwa shangazi mmoja wa ukoo, mdomoni ana chuchu ya buluu. Hiyo ya buluu hakuna aliyejua ilikotoka. Shangazi alisema kaiona kwenye mfuko wa nguo za mtoto, na mtoto alikuwa analia, yeye angefanya nini?

Hilo ni kosa langu la pili. Niliambiwa chuchu ni nne, nikaandika nne. Tulipopekua nyumba tukapata saba: chini ya godoro, kwenye mkoba wa safari, ndani ya kiatu cha babu. Mtoto alizijua zote. Kila alipoonekana "amesahau" mchana, pengine alikuwa na moja uvunguni. Tukaanza upya tangu siku ya kwanza, na hatua ya mchana iliyokusudiwa wiki mbili ikachukua tatu. Jirani zote waliarifiwa, na yule shangazi alikwendewa kwa heshima na sahani ya halua.

Mchana ukaisha vizuri. Usiku haukusogea. Kila usiku mtoto aliidai chuchu saa tatu na nusu, kwa kilio kile kile, hata akiwa amechoka hawezi kusimama. Mimi nikawa nafikiria usingizi, njaa, minyoo. Mama mdogo ndiye aliyerudi kwenye daftari lake akaniwekea kidole: saa tatu usiku mama anapiga simu ya video. Kule ni saa nne, kazi zimekwisha, ndiyo nafasi yake. Mtoto anaona uso wa mama, anacheka, anambusu kwenye kioo. Simu inakatika. Anaita nyonyo.

Ndipo lile neno la siku ya kwanza liliponirudia. Tulikuwa tunamsikia mtoto akiomba plastiki. Huenda alikuwa anaomba kile alichokuwa akikiita hivyo kabla plastiki haijaja, kila baada ya kumwona mwenyewe na kumkosa.

Kumwambia mama jambo hili kulikuwa kugumu kuliko kumwomba radhi bibi. Nilimpigia mimi. Nilipomaliza hakujibu, nikasikia maji yakitiririka bombani, nikajua anaosha vyombo ili asilie. Halafu akasema, "Mnataka nisimwone mwanangu." Nikamwambia la, tunataka umwone mapema. Tulitafuta saa. Waajiri wake hupumzika baada ya alasiri, akaomba, akapewa nusu saa: saa kumi kwetu, saa kumi na moja kwake. Simu ikikatika saa hiyo kuna jua, kuna babu mlangoni na fimbo yake, kuna mahali pa kwenda. Na kwa usiku nilimwomba arekodi hadithi moja kwa sauti tu, fupi, iwe hiyohiyo kila siku. Akarekodi ya sungura, dakika tano, inaanza "Paukwa!" na kuacha nafasi ya mtoto kuitikia "Pakawa!" Niliogopa sauti ya mama usiku ingemwasha mtoto kama picha ilivyokuwa ikimwasha. Kwa hiyo tuliijaribu kwanza mchana, siku nne. Aliisikiliza akiwa amelala chali, akaitikia, akaomba irudiwe, ikarudiwa. Hadithi ina mwisho, na mwisho wake haubadiliki. Pengine hiyo ndiyo tofauti na simu.

Bibi naye alitoa lake bila kuulizwa. Alifungua kasha akatoa kanga ya mama, ile aliyokuwa akijifunika akinyonyesha, na haikufuliwa tangu aondoke. Kwa mtoto mchanga nisingeruhusu kitambaa kilegevu kitandani. Kwa wa miaka miwili na zaidi hapakuwa na tatizo.

Usiku wa kwanza bila chuchu ulikuwa mwanzoni mwa Mfunguo Pili. Aliarifiwa asubuhi ileile, kwani mtoto wa umri huu ukimwambia wiki nzima kabla unampa wiki nzima ya hofu. Uongo niliukataza. Jirani walishauri aambiwe panya kaila. Mtoto akishaamini kuna panya anayekula vitu vya kitandani, nani atamlaza? Mama mdogo alikuwa ameona picha ya mti ulioko bustani ya Frederiksberg, Copenhagen, ambao watoto wa Denmark huutundikia chuchu zao wanapoziacha, akataka tufanye hivyo kwenye mwembe wa uani. Bibi akasema, chuchu saba zikining'inia mwembeni, kesho mtaa mzima utasema tunafanya uganga. Mwishowe mtoto na babu walichukua kopo zima wakaenda nalo jaani baada ya alasiri. Alilitupa mwenyewe, akalipungia mkono.

Usiku alilia dakika arubaini na tano. Bibi alikaa kando, mkono mgongoni mwake, hakusema mengi. Usiku wa pili umeme ulikatika saa mbili. Feni ikasimama, joto, mbu, simu ya hadithi haina chaji. Hapo mama mdogo alinipigia akaniambia wanaye mtu anayeweza kwenda duka la usiku kununua nyingine. Kabla sijajibu nilimsikia babu nyuma yake, "Nipe mtoto." Alimtoa nje barazani, akamlaza mapajani na kanga yake, akampepea kwa kipepeo cha ukindu na kumsimulia mwenyewe habari ya sungura, kwa makosa mengi, mtoto akimsahihisha. Alilala saa nne na robo. Usiku wa tatu ulikuwa dakika ishirini. Wa nne aliuliza mara moja tu, "Nyonyo?" bibi akamjibu, "Imekwisha, mama," naye akajivutia kanga.

Siku ya tisa alishikwa na mafua na homa. Ndiyo siku ambayo nyumba nyingi hurudi nyuma, kwa huruma. Kipimo cha malaria kilikuwa safi. Tukampa dawa ya homa, maji na mapaja. Pua ikiwa imeziba hata kunyonya chuchu kwenyewe ni taabu, nikawaambia, na hilo likamtosheleza babu.

Baada ya siku arubaini hivi bibi alikuja tena barazani, safari hii peke yake. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, mahali anapoweka pesa za sokoni, akatoa chuchu ya nane, ngumu, haijawahi kutumika.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Kila usiku nilikuwa naishika."

Nikaichukua nikaitia kwenye kisanduku changu cha sindano zilizokwisha muda, tukaanza kuzungumza habari za presha yake, ambayo mwezi ule wote hatukuipima.

Miezi mitatu baadaye daktari wa meno alimtazama: pengo limepungua, meno ya nyuma yanakutana vizuri, arudi baada ya miezi sita. Sikio halijatoa usaha tena, ingawa miezi mitatu ni michache kwa mtu kudai chochote. Anaongea sana sasa. Siwezi kusema ni kwa sababu mdomo uko wazi au kwa sababu kila alasiri anakaa na wazee watano wa kahawa wanaobishana habari za mpira, na maneno mengine aliyoyaokota huko bibi hayapendi.

Mama aliniletea ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mwishoni aliuliza kama mwanawe bado anasema nyonyo. Anasema. Siku hizi analiita hivyo pindo la ile kanga, upande uliochakaa, analozungusha kidoleni mpaka usingizi umchukue. Bibi ameniuliza lini tutamwachisha kanga. Nimemwambia hiyo haina haraka, na sasa ifuliwe.